Mbio za Sakafuni: Gemu za Vita vya Kale na Jeshi Linalorudi Nyuma

Karibu mwaka 1812 jeshi la Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate liliteremka Shela, kisiwani Lamu. Lilipigwa. Likageuka kurudi kwenye vyombo vyake, na msiba wenyewe ukaanzia hapo, kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Waliokimbia walifika ukingoni wakakuta hakuna pa kwenda, wakauawa pale pale ufukweni. Baada ya siku ile watu wa Lamu, wakihofia kisasi, walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde, na mkono wake katika pwani hii ukazidi kupata nguvu.

Kwa kipimo hicho hicho cha Shela napima gemu za vita vya kale. Kushambulia kila gemu inajua. Tazama pale jeshi linapovunjika: linakwenda wapi, linapita njia gani, nani analikimbiza, na wangapi wanafika salama. Katika zama za panga na mikuki, mara nyingi waliouawa wakiwa wamesimama mstarini walikuwa wachache kuliko waliouawa wamegeuza mgongo. Gemu isiyolijua hilo inafundisha vita vya uongo, hata picha zake ziwe nzuri namna gani.

Nianze na iliyo bora. Crusader Kings III, iliyotolewa na kampuni ya Paradox mwaka 2020, inatenganisha askari aliyeuawa na askari aliyetawanyika. Pambano linapoendelea, wengi wanaotoka mstarini bado wako hai, wametawanyika tu. Upande mmoja ukishavunjika hufuata awamu ya kufukuza, na hapo ndipo waliotawanyika wanapogeuka maiti. Kila kikosi cha askari wa kudumu kina namba nne: nguvu ya kupiga, ustahimilivu, kufukuza, na kukinga. Namba mbili za mwisho hazifanyi kazi yoyote pambano likiwa motoni. Zinangoja mwisho. Wanaoshinda huhesabiwa kufukuza kwao, wanaoshindwa huhesabiwa kukinga kwao, na tofauti ya hizo mbili ndiyo inayoamua wangapi watazikwa.

Wachezaji wengi hukosea hapa kwa sababu jicho linavutwa na namba ya kupiga. Wanajaza jeshi askari wazito wa miguu wenye deraya, ambao kufukuza kwao ni 0 na kukinga kwao ni 0. Wanashinda pambano, wanafurahi, na miezi michache baadaye adui yule yule anarudi na watu wale wale. Askari wa kuitwa kutoka vijijini hali yao ndiyo hiyo hiyo: kupiga 10, ustahimilivu 10, kufukuza 0, kukinga 0. Ukiwa na hao peke yao huwezi kummaliza mtu, na ukishindwa huna wa kukukinga. Dawa yake ni kuwa na angalau kikosi kimoja cha farasi wepesi, ambao kazi yao ni kufukuza. Kama wewe ndiye mnyonge katika vita, weka pesa kwa wapiganaji wepesi wa miguu kabla ya kitu kingine. Hutashinda kwa sababu yao, lakini utashindwa ukiwa bado na jeshi, na katika gemu inayokwenda mamia ya miaka hilo ni jambo kubwa sana.

Dosari yake ni kwamba jeshi likishaanza kurudi huliamuru tena mpaka lifike linakokwenda. Unalitazama linapita jimbo moja baada ya jingine na mkono wako hauna kazi. Hata hivyo hesabu ya vifo imekaa sawa, na ningependa watengenezaji wengine waisome.

Europa Universalis IV ni ya kampuni hiyo hiyo, ya mwaka 2013, na kwa msomaji wa Zanzibar ina mvuto wa peke yake. Inaanza tarehe 11 Novemba 1444, unaweza kucheza ukiwa Kilwa, na kituo kizima cha biashara cha pwani hii kimeitwa Zanzibar. Lakini kwenye suala la kurudi nyuma imechukua njia nyingine kabisa, na anayeingia bila kuijua atapoteza majeshi matatu kabla hajaelewa kinachomla.

Pambano linakwenda kwa awamu za siku 3: siku 3 za kurushiana, siku 3 za kukabana, kisha tena. Kwa siku 12 za mwanzo huruhusiwi kuamuru jeshi liondoke. Likivunjika mapema humo huku adui ana zaidi ya mara mbili ya watu wako, linafutwa lote, hata mpiga ngoma habaki. Na kama adui amekuja na watu mara 10 ya wako, hakuna pambano lolote, mnafutwa siku ile ile ya kwanza. Kwa hiyo ile tabia ya kuacha kikosi kimoja kidogo kiendelee kuzingira ngome huku jeshi kuu limekwenda kwingine ni kukitupa. Ukikiacha, kiache pale ambapo jeshi lako kuu linaweza kufika kabla ya adui. Vinginevyo kiondoe.

Baada ya siku 12 una njia mbili. Ya kwanza ni kuamuru mwenyewe jeshi liondoke, ukachagua jimbo la jirani. Inaonekana ni busara, na ndiyo mtego. Jeshi lako linafika jirani likiwa na ari iliyobaki kama moshi wa kibatari, adui anafuata nyuma na ari yake bado ipo, mnapambana tena, na safari hii mnavunjika ndani ya zile siku za mwanzo. Tumeshaona matokeo yake. Njia ya pili ni kuliacha livunjike lenyewe. Likivunjika linakimbia mbali, majimbo kadhaa, huwezi kuliamuru, lakini pia hakuna anayeweza kulishambulia njiani. Linafika, linatulia, linajaza watu upya. Kwa hiyo ukiona siku 12 zimepita, adui hajakuzidi mara mbili, na hakuna msaada unaokuja, liache livunjike. Amri ya kuondoka itumie pale tu jimbo la jirani lina jeshi lako jingine lililopumzika, au pale ambapo adui mwenyewe amechoka kiasi cha kutoweza kufuata.

Sababu ya kuweka kanuni hii inaeleweka. Zamani mshindi alikuwa akimkimbiza mshindwa jimbo hadi jimbo, anampiga, anampiga tena, na vita vyote vikawa mbio za paka na panya. Watengenezaji wakaikata tabia hiyo kwa kumpa anayekimbia kinga. Wametibu ugonjwa mmoja wakaleta mwingine: jeshi lililovunjika sasa linapita katikati ya maadui kama jini, hakuna anayeligusa, halipotezi mtu kwenye kivuko wala mlimani. Shela isingetokea katika gemu hii. Naiheshimu kwa mambo mengine mengi, lakini hapa imeukwepa ukweli.

Sasa tuje kwenye uwanja wenyewe wa mapambano, ambako askari wanaonekana kwa macho. Medieval II: Total War ni ya mwaka 2006, na tangu 2022 ipo kwenye simu, za Android na za iPhone, iliyoandaliwa na Feral Interactive. Hilo ni muhimu kwetu, maana wengi Unguja na Pemba simu ndiyo kompyuta yao. Humu ari ya kila kikosi inapanda na kushuka kutokana na mambo ambayo kamanda wa kweli angeyajua: uchovu, kupigwa ubavuni, kupigwa mgongoni, kufa kwa jemadari, kuona majirani wanakimbia. Kikosi kikianza kuyumba bendera yake inamemeteka. Kikivunjika inageuka nyeupe na kikosi hakikusikilizi tena.

Kurudi nyuma kwa mpango kunawezekana humu, na ni moja ya mambo mazuri kuyafanya katika gemu yoyote, lakini lazima uanze kabla bendera haijamemeteka. Kwanza simamisha pambano, maana gemu inakuruhusu kutoa amri wakati umesimamisha. Kwenye simu hili ni la lazima, kwani kidole kwenye kioo kidogo kinachagua kikosi kisicho chake, na katika kurudi nyuma kosa moja linafungua mlango. Pili, waondoe wapiga mishale na mizinga. Wapiga mishale hawana cha kufanya adui akishawakaribia, na mizinga kama iko mbali na ukingo wa uwanja isamehe, usiwapoteze watu kwa ajili ya magurudumu. Tatu, vuta nyuma vikosi vya miguu ambavyo havijashikana na adui, uviweke hatua chache nyuma, vikiwa vimegeuzia uso mbele. Ndipo vile vilivyoshikana viondoke kupitia kati yao. Kikosi kinachogeuka huku kimekabana na adui kinatoa mgongo, na mgongo unapigwa bila kurudisha, kwa hiyo kabla ya kukitoa lete farasi wapige ubavu wa anayekibana, hata kama ni mara moja tu, ili adui ashughulike na jambo jingine. Farasi ndio wa mwisho kutoka uwanjani. Jemadari asikae mwisho kabisa, lakini asiwe wa kwanza pia, kwa sababu baragumu lake ndilo linalowarudishia moyo waliokwisha kuvunjika.

Usiwaamuru watu wakimbie tangu mwanzo. Kukimbia kunachosha, uchovu unashusha ari, na kikosi kilichochoka kinafikiwa na farasi kabla ya ukingo. Watembee mpaka adui awe karibu kushika.

Wanaofikiwa hawafi wote. Medieval II ina mateka, na hapa imeiweka historia ya Ulaya ya zama hizo mahali pake. Mshindi baada ya pambano anachagua kuwaachia, kuwauza kwa fidia, au kuwaua. Akiwaachia jina lake linakuwa la mtu muungwana, akiwaua anaogopwa, na mwenye watu akikataa kulipa fidia wanauawa. Mara ngapi gemu inakufanya uhesabu askari aliyeshikwa kuwa bado ni mtu mwenye bei na mwenye wa kumlilia? Nakipenda kipande hiki kuliko vingine vyote vya gemu hii.

Pambano likiisha, waliotoka salama wanasukumwa nyuma kwenye ramani kuu. Kama adui amewazunguka na hakuna nafasi ya kurudi, jeshi lote linapotea, hata wale uliowatoa kwa ustadi wote huo. Kwa hiyo kabla hujakubali pambano zungusha ramani na tazama nyuma yako: pana mto? Daraja lipo mkononi mwa nani? Pana jeshi la tatu limekaa njiani? Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Medieval II inalijua jambo hilo kwenye ramani. Katika gemu za mfululizo huo, ikiwemo Rome II ya mwaka 2013, jeshi linaloshambuliwa linaweza kujitoa kabla ya pambano kuanza, lakini likishambuliwa tena zamu hiyo hiyo lazima lipigane. Ni kanuni nzuri na rahisi. Inampa mnyonge pumzi moja tu, na inamlazimu mwenye nguvu kuja na majeshi mawili kama anataka kumnasa.

Napoleon: Total War ya mwaka 2010 niitaje kwa jambo moja, nalo ni kupukutika kwa jeshi kwenye theluji na jangwani. Jeshi la Napoleon liliingia Moscow tarehe 14 Septemba 1812, likaondoka tarehe 19 Oktoba, na lilipovuka mto Berezina mwishoni mwa Novemba lilikuwa kivuli cha lililokwenda. Katika gemu, ukibaki Urusi majira ya baridi nje ya mji, watu wanapungua kila zamu bila risasi hata moja. Hilo wamelipata. Wasilolipata ni walinzi wa nyuma. Marshal Ney, mmoja wa majemadari wa Napoleon, alijipatia sifa yake katika safari ile kwa kubaki nyuma akipigana ili wengine waondoke, na kwenye ramani ya gemu huna njia ya kumwambia kamanda mmoja abaki na watu elfu mbili kwenye daraja mpaka jeshi lipite. Unaweza kuligawa jeshi na kuliacha kundi dogo, lakini linakuwa jeshi dogo tu linalosubiri kupigwa, halimcheleweshi adui inavyostahili.

Age of Empires II haina ari kabisa. Askari wake anapigana mpaka anaanguka, hivyo kurudi nyuma ni kazi ya mkono wako na hesabu ya mwendo. Mpiga upinde mwendo wake ni 0.96, askari wa kwanza wa upanga 0.9, mwenye mkuki 1.0, na shujaa wa farasi 1.35. Tazama namba hizo na utajua nani anaweza kumkimbia nani: mpiga upinde anamwacha mwenye upanga, farasi anawafikia wote. Ukirudi, rudi kwenye jengo. Jengo kuu la mji linaficha watu 15 na ngome inaficha 20, na wapiga upinde waliomo ndani wanaongeza mishale inayotoka, kwa hiyo anayekufuata mpaka mlangoni anajuta. Zaidi ya hapo hakuna la kusema. Ni gemu nzuri sana ya kitu kingine.

Civilization VI vivyo hivyo, ingawa Mzanzibari atatabasamu kuuona mji wetu humo ukiwa mji huru unaompa mshirika wake mkuu mdalasini na karafuu. Kikosi kilichoumia kinapona alama 5 kwa zamu katika ardhi ya adui, 10 pasipo na mwenyewe, 15 katika ardhi yako, na 20 mjini. Hesabu hiyo inakulazimisha kurudi nyumbani mapema, na hilo ni jambo la kweli. Lakini hakuna kutimka wala kufukuza, na kikosi chenye alama moja ya uhai kinatii amri kama kilichotoka kambini leo.

Field of Glory II ya mwaka 2017 haijulikani sana hapa, na ni hasara. Ni ya zamu, picha zake za kawaida, na kompyuta isiyo na nguvu nyingi inaibeba. Kikosi kinapita hatua nne: imara, kimevurugika, kimevunjika vipande, kimetimka. Kinapotimka, kilichokishinda kinakifuata chenyewe bila kukuuliza. Hapo ndipo walipougusa ukweli ambao wengine wanaukimbia, kwamba kufukuza kunamvuruga mshindi pia. Farasi wako wanashinda ubavu wa kulia, wanatoweka wakimfukuza adui, na zamu tatu baadaye katikati ya mstari wako panavunjika kwa sababu hao farasi hawapo. Kwa hiyo panga mstari wa pili siku zote, na farasi bora uwaweke kule ambako hata wakipotea hutawahitaji mapema. Wapiganaji wepesi hukwepa wenyewe wakishambuliwa, lakini umbali watakaokimbia haujulikani kabla, kwa hiyo usiwaweke mbele karibu na adui mwenye farasi ukategemea kwamba watatoka salama. Pambano linaisha upande mmoja ukitimka kwa asilimia 60, au kwa asilimia 40 ikiwa upande huo umetimka kuliko mwenzake kwa pengo la asilimia 25. Usipoteze muda kumuua kila mtu, vunja ari ya wengi.

Hearts of Iron IV ni ya Vita vya Pili vya Dunia, na kanuni yake ni kali na safi. Divisheni ikiishiwa na mpangilio, yaani uwezo wake wa kuendelea kupigana, inarudi jimbo la jirani lililo mikononi mwenu. Jimbo hilo lisipokuwepo, divisheni inaangamia yote, watu na silaha. Kisiwani hali ni hiyo hiyo. Ukilinda kisiwa cha jimbo moja, huna pa kurudi ila baharini, na baharini unarudi tu kama bandari bado ni yako, una meli za usafirishaji, na umeanza kuwatoa watu kabla mpangilio haujaisha. Mchezaji anayengoja mpaka mpangilio umalizike ndiye anayeuliza baadaye divisheni zake nne zimekwenda wapi.

Kuna namna moja ya kurudi nyuma ambayo hakuna hata moja kati ya gemu hizi imeiweza, nayo ilipita milangoni petu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Zanzibar, na makaburi ya mabaharia wake yapo mpaka leo kisiwani Chapwani. Kisha Königsberg ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikamalizwa huko Julai 1915, lakini mizinga yake ilitolewa, ikawekewa magurudumu na kupigana nchi kavu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, naye alirudi nyuma kwa miaka, kutoka kaskazini ya Tanganyika mpaka kuvuka Ruvuma Novemba 1917, na hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kurudi nyuma kwake ndiko kulikokuwa vita vyenyewe. Na gharama ililipwa na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika pande zote mbili, na wanavijiji walionyang'anywa chakula na kila jeshi lililopita. Katika gemu, jeshi linalorudi ni askari peke yao. Wapagazi hawapo, shamba lililovunwa na wageni halipo, na kijiji kilichobaki na njaa nyuma ya jeshi hakina namba popote. Crusader Kings III inakaribia kidogo kwa kuhesabu akiba ya chakula ya jeshi, lakini akiba ikiisha anayeumia ni askari, mkulima haguswi.

Kwa anayetaka kununua: ukiwa na simu tu, chukua Medieval II, na ujizoeshe kusimamisha pambano. Ukiwa na kompyuta ya kawaida, Field of Glory II kwanza. Crusader Kings III inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi, na ndiyo ningeiweka juu ya zote kwa suala hili. Europa Universalis IV ingoje ipunguzwe bei, kwa sababu nyongeza zake zikikusanywa zinagharimu kuliko gemu yenyewe, na kwa kujifunza kurudi nyuma gemu ya msingi inatosha. Yoyote utakayochukua, hifadhi mchezo kabla ya pambano kubwa, maana umeme hauchagui siku ya kukatika.